Shajara ya mradi: maktaba ya Kiingereza isiyokula bando

Nafundisha Kiingereza na Kiswahili, Gredi ya 4 na ya 5, katika shule ya msingi upande wa Nyamasaria, Kisumu. Naandika haya kwa walimu ambao kila wiki wananipigia simu kuuliza "ile mashine yako inafanyaje", nami nimechoka kurudia. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya wanaopiga ni walimu wa Kiswahili waliosukumiwa vipindi vya Kiingereza mwenzao alipoenda likizo ya uzazi.

11 Januari 2025: Tunaanzia wapi

Hadi Gredi ya 3, sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kwetu mjini hiyo ni Kiswahili, na Dholuo ikipenya kila inapopata upenyo. Akiingia Gredi ya 4 kila kitu kinageuka Kiingereza, Hisabati na Sayansi pamoja. Nimewaona watoto waliokuwa mabingwa Novemba wakawa mabubu Januari.

Vifaa vya kumsaidia mtoto huyu vimejaa mtandaoni: hadithi, sauti, mipango ya somo, michezo ya maneno. Kinachokosekana ni mtandao wenyewe. Shuleni unashika ukisimama kando ya tangi la maji, na bando ni la mfukoni mwa mwalimu. Nina watoto 54 darasani na vishikwambi 9 vya zamani ambavyo betri bado inashika.

Mpango wangu: kompyuta moja ndogo ya Raspberry Pi ibebe kila kitu, ruta iirushe darasani bila intaneti yoyote, vishikwambi viunganishwe nayo. Programu ni mbili na zote ni za bure. Ya kwanza ni Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality la California kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Ya pili ni Kiwix, inayohifadhi tovuti nzima ndani ya faili moja.

Nimenunua Raspberry Pi 4 ya GB 4 kwa Sh 12,500, na ruta ya mtumba Kibuye kwa Sh 1,500. Mwalimu mkuu ametoa ruhusa na kabati lenye kufuli. Pesa hakutoa, na sikutarajia.

1 Februari: Kadi ya uongo

Kuweka programu kulichukua saa mbili, sina la kusimulia hapo. La kusimulia ni kadi ya kumbukumbu.

Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa Sh 1,200. Nilipomuuliza muuzaji mbona bei ya chini hivyo, alinijibu, "Madam, hiyo ni orijino, ni vile tu stoki inaisha." Nikapakua hadithi na sauti kwa siku tatu. Kila faili iliandikwa bila malalamiko. Siku ya nne nikafungua hadithi na kurasa zikawa nyeupe. Sauti zikaanza vizuri na kukatika katikati.

Fundi mmoja wa Kondele ndiye aliyenifungua macho. Kadi bandia hudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Yangu ilikuwa na GB 32 za kweli. Ukizidisha hapo inakubali kupokea, lakini inachopokea inakimwaga. Huwezi kujua mpaka usome ulichoandika.

Kwa hiyo sasa kadi haiingii kwenye mashine yangu kabla ya kupimwa. Kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kuna programu ya bure inayoitwa F3: amri ya f3write inajaza kadi yote, kisha f3read inaisoma na kukuambia ni kiasi gani kimepotea. Kipimo kilichukua karibu saa tatu. Fanya hivyo siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi. Mimi risiti sikuomba.

Kadi ya pili: Sh 2,600. Imepita kipimo.

22 Februari: Stima

Mashine ilikuwa ikizima yenyewe darasani, mara nyingine ikiwaka polepole kama mzee anayeinuka mkekani. Nilidhani ni joto. Nikafungua dirisha, nikaiwekea kipande cha mbao chini ipate hewa. Wapi.

Kosa lilikuwa chaja. Nilitumia ya simu ya Sh 350, na Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Kuna amri ya kuuliza mashine kama inapata moto (yaani stima) wa kutosha: vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0 hakuna shida. Yangu ilijibu 0x50005, maana yake moto ni mdogo sasa hivi na mashine imejipunguza kasi ili isife. Nikanunua chaja inayofaa kwa Sh 1,800 na jibu likawa 0x0.

Lakini chaja nzuri haizuii stima kupotea, na huku ikipotea ghafla kadi inaweza kuharibika katikati ya kuandika. Nikajaribu benki yangu ya chaji. Ikawa stima ikipotea benki inakata sekunde moja kabla ya kuanza kutoa moto wake, na sekunde hiyo inatosha kuiangusha Pi. Nimepoteza kipindi kizima cha Gredi ya 5 hivyo, watoto wakiniangalia.

Dawa imekuwa ile UPS ndogo ya ruta, betri inayoendelea kutoa moto stima ikipotea, inayouzwa kwenye maduka ya umeme, yenye tundu la volti 12 na la volti 5. Ruta inakula huku, Pi inakula kule, na stima ikipotea hakuna anayejua. Sh 3,200. Ukinakili mradi huu, anza nayo siku ya kwanza.

Jambo dogo lililoniudhi kuliko yote: ruta ikizimwa na kuwashwa, inaipa Pi anwani mpya, zile namba za kuandika kwenye kishikwambi ili kuifikia, na ile niliyobandika ukutani inakuwa kazi bure. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uihifadhie Pi anwani moja ya kudumu. Dakika tano. Mimi niliandika karatasi mpya ya ukutani mara nne kabla ya kufikiria hilo.

23 Machi: Kupakua kwa haraka

Sikupanga kuandika leo. Tarehe 14 Machi Rais Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia VOA (Voice of America, idhaa ya serikali ya Marekani), na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa idhaa hiyo wakasimamishwa kazi. Nilikuwa nimeweka Learning English, vipindi vya VOA kwa wanaojifunza Kiingereza, kwenye orodha ya "nitapakua likizo ya Aprili". Nikaona nisingoje.

Kwa asiyeifahamu: ilianza 19 Oktoba 1959 kwa jina la Special English. Msamiati wake wa msingi ni kama maneno 1,500, sentensi ni fupi, na msomaji anakwenda kwa kama theluthi mbili ya kasi ya habari za kawaida. Kwa masikio ya mtoto wa Gredi ya 5 sijapata sauti nyingine inayomngoja hivyo. Kisha, kilichotengenezwa na VOA yenyewe ni mali ya umma, unaweza kunakili bila kuomba. Angalia tu: baadhi ya picha na habari zake zilitoka kwa mashirika kama AP, na hizo zina wenyewe.

Jumamosi na Jumapili mbili nimekaa saiba ya Kondele, jumla saa 13 kwa shilingi moja kila dakika: Sh 780. Nimepata sauti 180 na maandishi yake, karibu MB 900. Bando la vitu vingine tangu Januari limefika Sh 1,170.

12 Aprili: Kufuta nilichopakua

Shule zimefungwa, nimekaa chini kusoma masharti. Ningeanza hapa, si kumalizia hapa.

Nilikuwa nimejaza kadi kwa kila kilichoandikwa kuwa ni cha bure. Kumbe kusikiliza bure si kunakili bure. Tovuti kadhaa kubwa za kufundisha Kiingereza zinakuruhusu kutumia kifaa palepale kwenye tovuti, au kuchapisha kwa darasa lako, lakini si kukihifadhi kwenye mashine yako na kuwagawia watu. Nimefuta mafaili 214. Yaliniuma, hasa vipindi vya redio vya dakika sita ambavyo watoto wa Gredi ya 5 walishaanza kuvipenda.

Kinachobaki ni chenye leseni ya Creative Commons, ambayo mtunzi anakuruhusu kunakili kwa masharti yake, na hata humo kuna herufi za kutazama. BY: taja aliyetunga, basi. NC: usiuze. ND: usibadilishe chochote, hata kutafsiri. Hadithi yenye ND haina faida kubwa kwangu, kwa sababu nusu ya kazi yangu ni kubadilisha.

Mshindi wa kadi yangu ni African Storybook ya shirika la Saide la Johannesburg. Hadithi fupi zenye picha, nyingi kwa leseni ya BY, zimepangwa kwa ngazi tano kuanzia neno mojamoja hadi hadithi ya kusomewa. Hadithi ileile unaipata kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na nyingi kwa Dholuo au lugha za Kiluhya. Mtoto anasoma kwanza kwa lugha ya nyanya yake, kisha anaifungua kwa Kiingereza akijua tayari kwamba sungura atamhadaa nani. Zinapatikana moja kwa moja ndani ya Kolibri.

Upande wa Kiwix nimeweka Wikipedia ya Kiingereza chepesi. Ilianzishwa 2001, na waandishi wake hushauriwa kuegemea Basic English ya Charles Ogden, yale maneno 850 ya mwaka 1930. Ikiwa na picha ni kama GB 3. Wikipedia kamili ya Kiingereza inapita GB 100, na mtoto wa Gredi ya 4 haelewi aya yake ya kwanza. Msishawishike.

10 Mei: Hoteli

Muhula wa pili umeanza, mashine inafanya kazi, na sasa ndipo nimeona shida yenyewe. Mashine ilikuwa mchezo.

Nilichukua somo la ngazi ya A1, ile ya chini kabisa katika ngazi za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha. Bwana mmoja anaingia hoteli, anaomba chumba, anaulizwa kitanda kimoja au viwili. Maneno mepesi, picha nzuri. Watoto wakasikiliza kimya. Kisha mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono:

"Ticha, kwani huyu hana kwao? Mbona anaomba kitanda hotelini?"

Darasa zima likamuunga mkono. Kwao hoteli ni pale wanapouza chapati na maharagwe, chai ya ishirini. Hakuna mtu anayelala hoteli labda mwenye hoteli. Neno la Kiingereza wanalo, tena wanalitumia kila siku, na ndilo lililowapoteza.

Hapo nikaelewa kwamba A1 inapima ugumu wa sentensi tu. Haisemi somo limeandikiwa nani, na mengi yameandikiwa mtu mzima anayesafiri: uwanja wa ndege, mahojiano ya kazi, utabiri wa theluji. Nimepitia masomo 70 niliyokuwa nimebakiza, nimeweka 26.

Kuna tovuti ya Marekani, Colorín Colorado, ya kituo cha WETA cha Washington, kwa walimu wa watoto ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Ushauri wake mwingi ni mzuri, ila mtoto wanayemfikiria ametoka nje na kuingia kwenye Kiingereza: kiko dukani, kwenye basi, kwenye televisheni. Wangu Kiingereza kinaisha kengele ikilia. Wanasema pia mwalimu atumie maneno ya Kihispania yanayofanana na ya Kiingereza, maana asilimia 30 hadi 40 ya maneno ya Kiingereza yana ndugu upande wa pili. Nilitaka kuruka ukurasa, sina mtoto wa Kihispania hata mmoja. Halafu nikajiuliza: na yetu je?

Nikaacha mashine imezimwa, nikachukua chaki. Nikawaambia wanitajie maneno ya Kiswahili yanayonusa Kiingereza. Penseli, baiskeli, blanketi, soksi, sketi, shati, betri, tochi, picha, kabati. Kwa Dholuo wakatoa buk na skul. Dakika ishirini, maneno 63, na waliotaja mengi ni wale mabubu wangu wa Januari. Msichana mmoja akasema sukari na sugar. Nilitaka kukataa kwa sababu sukari tuliitoa kwa Waarabu, kisha nikakumbuka kwamba Waingereza nao neno lao lilitoka hukohuko, kwa kuzungukia Ulaya. Kahawa na coffee vilevile. Shule ndiyo iliyowashinda: waliapa ni school, na ni ya Wajerumani.

Pembeni tuna orodha ya pili, ya maneno yanayodanganya. Hoteli iko juu kabisa. Chini yake sheli, kwa sababu Mwingereza ukimwambia unaenda sheli kutia petroli hatakuelewa. Orodha zote mbili sasa ziko ndani ya mashine, na ndizo zinazofunguliwa zaidi.

7 Juni: Sip na ship

Kila tovuti ya matamshi niliyopakua inatumia kurasa na kurasa kwa th. Kwetu th si mlima. Dholuo ina thuol, nyoka, na dhiang', ng'ombe. Kiswahili kina thelathini na dhahabu. Mtoto wa Kisumu anatoa think na this bila kuvunjika ulimi.

Kinachomshinda ni sh, kwa kuwa Dholuo haina. Tuko kando ya ziwa, na fish inatoka fis. Ukimsahihisha sana anageukia upande wa pili na kuhesabu faif, shiks, sheven. Zoezi la kutenganisha s na sh lililotengenezwa kwa sikio hili sikulipata, basi nikaamua kurekodi mwenyewe: sip na ship, sea na she, sock na shock, mass na mash, jozi 30.

Rekodi ya kwanza niliifanyia darasani jioni. Mvua ikapiga mabati, ikawa kama nasoma ndani ya sufuria ya popcorn. Ya pili nyumbani, jogoo wa jirani. Ya tatu nikaingiza kichwa na simu ndani ya kabati la nguo, mlango nusu umefungwa, na sauti ikatoka safi kabisa. Nguo zinameza mwangwi. Mume wangu alifungua mlango akanikuta nasema "shock, shock" gizani, akaufunga bila kuuliza.

Nikampelekea mwalimu mwenzangu wa Gredi ya 6 asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua spika za masikio, akaniangalia. "Mwalimu, namba nne umesema sock mara mbili."

Nilirudia kusikiliza. Mara mbili, kweli. Mimi ni Mluo wa Ahero, nimefundisha Kiingereza miaka 14, na sikio langu halikusikia kosa mpaka nilipoambiwa. Jozi 30 zikarudiwa: yeye anasoma sh, mimi nasoma s. Watoto wamependa hivyo zaidi, kwa sababu kila sauti ina mwenyewe.

Kwa wanaonakili: usihifadhi kama WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Dakika 30 zilinilia MB 300. Audacity, ya bure, ikazigeuza MP3 ya mono ya kbps 64, zikawa MB 14, na kwenye spika ya kishikwambi hakuna anayeona tofauti.

28 Juni: Kitabu kilichopinduka

Mapumziko ya katikati ya muhula. Nilitaka kuchapisha hadithi moja ya African Storybook kama kijitabu: kurasa 16, karatasi nne za A4 zilizokunjwa, nakala 12. Nikamwachia kijana wa duka la fotokopi nikaenda sokoni. Niliporudi, kila ukurasa wa pili ulikuwa umesimama kwa kichwa. Pande 96 kwa Sh 5 ni Sh 480, na kijana ana haki, sikumwambia.

Kijitabu kinachapishwa pande mbili kwa kugeuza kwenye ukingo mfupi, si mrefu. Chapisha nakala moja, ikunje, isome, ndipo uagize nyingine. Nakala 24 za pili zimetoka sawa: Sh 960. Zile zilizopinduka watoto wameng'ang'ania kuzisoma, wanakigeuza kitabu kama usukani.

19 Julai: Hesabu

Jumla yote ni Sh 26,540. Ndani yake Sh 2,030 ni ada ya ujinga wangu: kadi bandia, chaja ya simu na vijitabu vilivyopinduka. Ukifuata shajara hii utatumia Sh 24,510, na bei zikipanda usinipigie.

Kadi ina nafasi zaidi ya nusu. Sina haraka ya kuijaza. Muhula wa tatu nataka kurekodi zoezi la b na p, la g na k, kwa watoto wa nyumba za Kibukusu, mojawapo ya lugha za Kiluhya, ambao s na sh yangu haiwahusu sana. Natafuta mwalimu wa Kibukusu mwenye kabati la nguo.

Ijumaa kishikwambi kimoja kilikataa kuwaka. Tumebaki na 8. Makundi sita sasa yana watoto saba, mawili yana sita, na tayari kuna ugomvi wa nani anashika.